Maswali ya Wasomaji: Ni Samaki Gani Huyo Mchoroni?

SWALI: Ninafundisha kidato cha pili hapa Ilemela. Niliwapeleka wanafunzi makumbusho kutazama mchoro mkubwa wa ufukwe wa ziwa: wanawake wanne wanabanika samaki, nyuma yao kilima kimejaa visiki, majini kuna mtumbwi, na ukingoni mimea ya kijani. Karibu wote waliandika, “Ujumbe ni tutunze mazingira.” Nifanyeje ili wasome zaidi ya hapo?

JIBU: Mwalimu, sentensi hiyo ingeandikwa hata na mtu ambaye hajauona mchoro. Wanafunzi wako walikimbilia ujumbe kabla ya kutaja vilivyomo. Safari ijayo, kwa dakika 10 za kwanza, piga marufuku neno “ujumbe”. Wagawe makundi ya watu watano au sita, wasimame hatua tatu nyuma, na kila kundi liandike vitu 15 kwa majina yake kamili. Jibu la “samaki” usilipokee. Ni sangara, sato, furu au dagaa?

Habari nzima imelala kwenye jina hilo. Dagaa na furu ni wadogo, huanikwa juani wakakauka. Sangara ni mnene na ana mafuta mengi. Jua halimuwahi kabla hajaharibika, kwa hiyo hubanikwa au hukaangwa, na vyote viwili vinataka kuni. Sangara si mwenyeji wa ziwa letu, Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akalitawala miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Basi kama walio juu ya moshi ni sangara, visiki vya kilimani si pambo la nyuma. Samaki mgeni, moto, miti iliyokatwa na mikono ya wale wanawake ni mnyororo mmoja, na mwanafunzi anayeweza kuufuata pete kwa pete ameusoma mchoro. Wafundishe kumtambua: paji la sangara limebonyea juu ya macho, taya la chini limetokeza, na mkia ni wa mviringo. Wakikuta ni furu, mnyororo huo unakatika, nanyi mtafute maelezo mengine ya visiki.

Mimea ya ukingoni nayo inataka jina. Magugumaji huelea, yana majani ya mviringo, vikonyo vilivyovimba kama puto na maua ya zambarau. Mafunjo ni marefu, shina lake lina pembe tatu na kichwa chake kimetawanyika kama ufagio. Kuyachanganya hayo ni kugeuza maana juu chini: mafunjo huzuia tope lisiingie ziwani na samaki wachanga hujificha humo, ilhali magugumaji hufunika maji, hewa ikapungua chini yake, na mitumbwi ikashindwa kupita. Mafunjo yaliyofyekwa ni hasara. Magugumaji yaliyong’olewa ni kazi njema.

Hapo sasa wasome kibandiko cha ukutani, hasa mwaka. Upande wetu wa ziwa, yaani Tanzania, magugumaji yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Mchoro wa mwaka 1972 hauwezi kuyalalamikia, hata kijani chake kiwe kingi namna gani.

Kuhusu jamii, hesabuni mikao. Nani ameinama, nani amesimama, nani ameshika mizani? Mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, mwenye mizani na mwenye kubeba beseni hawana sauti sawa. Mkiona vichwa na mifupa mitupu ya samaki, msiandike “uchafu”. Hayo ni mapanki, mabaki baada ya viwanda kuchukua minofu ya kusafirisha nje, na kuna familia ambazo kitoweo chao ni hicho. Wanaume wengi wakivuta kamba kutoka nchi kavu, darasa litasema “ushirikiano”. Ni kweli, lakini huenda wanavuta kokoro, zana iliyopigwa marufuku kwa sababu hukwangua chini na kuzoa samaki wachanga pamoja na mazalia yao. Angalieni mchoraji ameweka nini ndani ya wavu. Sisi tunaona hapo ndipo anapotoa hukumu yake.

Rangi ziacheni mwisho. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960, alitumia rangi za makopo zinazong’aa, na wafuasi wake wakaiendeleza njia hiyo. Wekundu mkali waweza kuwa ndio uliokuwemo koponi, si damu. Rangi huwa ushahidi inapobadilika mahali pamoja tu: maji yote ya buluu, ila kahawia pale mto unapoingia. Hilo ni tope la mashamba.

SWALI: Katika mchoro wa ngoma ya Kisukuma kuna mtu amejizungushia chatu. Wanangu wanasema ni shetani. Ni sawa?

JIBU: Hapana. Huyo ni wa Bayeye, chama cha wacheza nyoka wanaojua pia dawa za sumu yake. Na wachezaji wenye majembe wanacheza bugobogobo, ngoma ya kulima. Wapeleke makumbusho ya Bujora, Kisesa, wajionee vifaa vya vyama vya ngoma kabla ya kurudi kwenye mchoro.

SWALI: Wanafunzi wawili wakitoa tafsiri zinazopingana, nani apewe alama?

JIBU: Wote, ikiwa kila mmoja anaonyesha kwa kidole anachokitegemea, akiwa nusu mita kutoka mchoroni, maana jasho la vidole huharibu rangi. Muulize kila mmoja: kitu gani kikifutwa hapa, tafsiri yako inaanguka? Asiyeweza kukitaja arudi kwenye orodha yake ya vitu 15.