Waache Waseme Nimeritadi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Watamu kaniandikia. Mumewe amechoka na pombe, ila kila akitajiwa kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha husema vikundi vyenyewe viko makanisani na yeye ni Mwislamu, watu watamfikiriaje. "Atakwenda vipi?" aniuliza.

Atakwenda kwa miguu, dada, kama nilivyokwenda mimi mtoto wa Shela ya Malindi, niliyekhitimu msahafu chuoni kabla sijabaleghe.

Pombe niliianzia hotelini nilikokuwa nikifanya kazi. Msimu ulipokufa na mshahara ukakatika, nikashuka kwenye pombe ya mnazi. Pale mangweni unapewa mrija wenye kichungio chini, usije ukavuta nyuki na makapi, na bei inakuruhusu kukaa mpaka jioni. Ule mtamu wa asubuhi ukaacha kunitosha, nikawa natafuta mkali uliolala. Miaka iliyofuata nairuka. Anayeijua anaijua.

Hapa Malindi kila mtu anajua pa kumpeleka teja. Kliniki ya methadone, dawa ya kumwachisha mtu heroini, ipo hospitali tangu 2015. Mlevi wa mnazi huambiwa tu kwamba hana imani. Nilisomewa, nikanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya, na walionifanyia hivyo siwalaumu, dua zao nazihitaji mpaka leo. Ila nilikuwa sina mtu wa kumpigia simu saa nne usiku koo linapowasha, mtu ambaye lake limewahi kuwasha vilevile. Huyo anapatikana kikundini.

Mwanzo nilikuwa nakwenda Mombasa kwenye mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, ndivyo vikundi vyenyewe), kilomita 120 hivi, ili nisionekane. Nauli ikanishinda. Nikikosa nauli nakosa mkutano, na nikikosa mkutano nakunywa. Ndipo mhudumu mmoja wa afya akaninong'oneza kuwa hapa hapa mjini kuna watu wanakutana, ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Viti vya plastiki, birika la chai, mahamri yamefunikwa kawa. Nilikaa karibu na mlango ili nitoroke upesi. Kuinua macho, namwona mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi! Alinisogezea kikombe, akasema, "Sukari iko pale," basi. Hakuniuliza kitu. Sikutoroka.

Kufika Ijumaa barazani pameshasemwa nimeritadi, nimeuacha Uislamu. Ami yangu akaniitia kikao, wazee wamejaa sebuleni, nikaulizwa kanisani nafuata nini. Huyo ni ami ambaye amenikuta nimelala kando ya mtaro zaidi ya mara moja akavuka barabara, na hakuita kikao hata siku moja. Hilo bado linaniuma, sifichi. Niliwaambia wazee wangu kwamba kanisa limetoa ukumbi tu. AA yenyewe ilianza 1935 mjini Akron, Marekani, kwa dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wawili walevi waliogundua kuwa wakizungumza wao kwa wao kiu inapungua. Haina dini maalumu. Hatua zake kumi na mbili zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu, nami nikianza kusema naanza na bismillahi na hakuna aliyewahi kukunja uso. Ada hakuna, kibakuli kinapita na mwenye chochote atie. Sharti la kujiunga ni moja, uwe unataka kuacha.

Wewe unayetafuta, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, useme uko wapi. Uliza hospitali. Ukipata kikundi, uliza kama mkutano ni wa wazi au wa ndani: wa wazi hata mke au ndugu anaingia, wa ndani ni wa wanaotaka kuacha peke yao. Jina moja linatosha. Siku ya kwanza si lazima useme neno. Nenda tena wiki inayofuata hata kama ya kwanza ilikuchosha, maana yangu ilinichosha sana. Chagua cha karibu. Nasema tena, chagua cha karibu, maana kuona haya hakulipi nauli.

Nawe dada, usimngoje mumeo. Al-Anon ipo tangu 1951 kwa ajili ya jamaa wa walevi, na mikutano yake ipo hata mtandaoni. Unaweza kupona wewe yeye akiwa bado anabishana.

Nyinyi wa "nitaacha Ramadhani ikiingia" nawajua, nilikuwa mwenyekiti wenu. Vunjajungu tunakunywa mpaka tunazima, mwezi ukiandama tunakata ghafla, Idi tunarudi kwa kasi zaidi. Mbali na dhambi, ni hatari kwa mwili. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Wenzako watasema ni saumu imemzidi, kumbe ni arosto ya pombe na inatakiwa daktari. Kwa hiyo kama umeazimia Ramadhani, nenda hospitali Shaabani ikianza, mwambie daktari unakunywa kiasi gani bila kupunguza, kisha uingie kikundini kabla ya mfungo. Na mkutano ukigongana na futari, beba tende zako. Sisi tunafuturu humo humo ukumbini, na wenzetu Wakristo wanatuchemshia uji.