Fimbo zinapogeuka mkononi

SWALI: Shikamoo mzee. Nilimwona mtu akitembea uwanjani ameshika fimbo mbili za waya, mara zikapishana, akasema chini pana maji. Tangu siku hiyo sina raha, nataka kujifunza. Nianze na fimbo au na ile timazi ya jiwe na uzi? Lazima ziwe za shaba? Na nitajuaje kama nina kipaji? – Mwanagenzi

JIBU: Marahaba, Mwanagenzi. Shaba iache dukani. Fimbo zangu za kwanza nilizikata kwenye hanga mbili za nguo, na hadi leo sijapata zinazozishinda. Kata waya, ukunje pembe mraba: mkono mrefu sentimita 40 hivi, mshikio 12. Mshikio uuchomeke ndani ya ganda la kalamu iliyokwisha wino ili waya uzunguke bila kubanwa. Shika ngumi usawa wa kifua, ncha zielekee chini kidogo. Ukiziinua zitayumba ovyo kama mlevi; ukiziinamisha mno hazitageuka hata ukikanyaga mto.

Kuna pia kijiti chenye panda, cha zamani sana. Mtaalamu wa madini Mjerumani, Georgius Agricola, alikionyesha kwa mchoro katika kitabu chake cha migodi cha mwaka 1556, ingawa mwenyewe aliona mchimbaji makini hakihitaji. Kinaumiza viganja. Kiruke.

Anza na timazi. Funga nati kwenye uzi wa sentimita 20, egemeza kiwiko mezani, chora msalaba kwenye karatasi chini yake. Tazama mstari mmoja, uwaze tu kwamba nati itaufuata, na mkono usiutikise. Itaufuata! Siku ya kwanza nilimwita mke wangu aje aone maajabu. Akatazama, akaniambia nifumbe macho, kisha akaigeuza karatasi robo duara bila kunieleza. Nilipofumbua, nati ilikuwa bado inacheza upande ule ule wa mwanzo, na mstari wangu umekwenda kwingine. Sikumsemesha hadi chakula cha usiku.

Kumbe nilichelewa. Mkemia Mfaransa Chevreul aliandika mwaka 1833 kwamba timazi yake ilitulia alipofungwa macho. Mwaka 1852 Mwingereza William Carpenter akalipa jambo hilo jina, mwendo wa ideomota: wazo likiingia kichwani, misuli hulitii kidogo kidogo pasipo mwenyewe kuhisi. Uzi na waya hukikuza kile kidogo. Kwa hiyo kipaji unacho, nami ninacho, na jirani yako anacho. Kama kinajua maji yalipo, hilo ni swali jingine.

Lijibu mwenyewe. Panga ndoo 10 zilizofunikwa, moja tu iwe na maji. Rafiki achague ndoo kwa kuokota kikaratasi chenye namba, apange, halafu atoke kabla hujaingia. Akibaki utamsoma usoni bila kukusudia. Rudia mara 20, uandike kila jibu, hata la aibu. Kwa kubahatisha tu utapata kama 2. Mimi jioni ya kwanza nilipata 3 nikatembea kifua mbele. Ya pili nikapata 1. Kule Kassel, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafutaji maji kwa fimbo wapatao 30 walipimwa juu ya bomba lililofukiwa sentimita 50, maji yakifunguliwa na kufungwa. Masharti waliyakubali kabla. Matokeo yakawa sawa na kurusha sarafu.

Utauliza, mbona yule uwanjani maji huyapata? Kwa sababu sehemu nyingi za ardhi zina maji ukichimba vya kutosha. Kazi ni kujua yako kina gani, ni mengi kiasi gani, na kama ni ya chumvi, na hayo waya haukuambii. Siku ukitaka kisima cha kweli, mwite mtaalamu wa maji ya ardhini mwenye vifaa vya kupima jinsi udongo na miamba inavyopitisha umeme.

Fimbo tengeneza hata hivyo, zinafurahisha. Na akitokea mwalimu wa kulipwa, kabla hujatoa senti mpeleke kwenye zile ndoo 10.