Maswali ya Wasomaji: Mita ya kilovolti isiyoshtuka kwa betri

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga. Kwenye kabati la maabara tumekuta mita ya zamani, boksi la mbao lenye kioo, imeandikwa kV (kilovolti, yaani volti elfu) na namba ya mwisho ni 5. Haina mahali pa betri. Nimeijaribu kwa betri ya volti 9, mshale haukutikisika. Wenzangu wanataka itupwe. Je, imekufa? Na kwa nini maltimita yangu mpya inashindwa kupima umeme tuli?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tafadhali msiitupe! Kwa betri ya volti 9 mita ya namna hiyo haishtuki hata ikiwa nzima kabisa. Kwa maelezo yako, ndani yake huenda hamna koili na sumaku kama mita za kawaida, bali sahani moja iliyotulia na nyingine nyepesi inayoshikwa na springi. Ukiziunganisha na umeme, moja inapata chaji chanya, nyingine hasi, zinavutana, na mvutano huo ndio unaosogeza mshale.

Mvutano unafuata mraba wa volti: volti zikizidi mara 2, nguvu inazidi mara 4. Itazame mita yako, utaona namba za mwanzo zimebanana na za juu zimeachana. Sasa piga hesabu ya volti 9 kwa 5,000: nguvu unayopata ni kama sehemu 3 katika milioni ya ile inayoufikisha mshale mwisho. Mshale utatikisika na nini?

Hata volti zikiwa nyingi, nguvu yenyewe ni ndogo. Sahani mbili za sentimita mraba 100, zikiachana sentimita 1, kwa volti 10,000 zinavutana kwa uzito wa gramu 4 na nusu tu. Hapo ndipo ninapomheshimu William Thomson wa Glasgow, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin. Kwenye kingo za sahani mistari ya uga wa umeme (eneo ambamo chaji huvuta au kusukuma) hupinda na kuharibu hesabu. Yeye alitundika kisahani katikati ya pete pana, mwanya mwembamba ukivitenga, vyote vikiwa na volti ileile. Kupinda kukahamia ukingo wa pete, kisahani kikavutwa na uga ulionyooka. Akishajua uzito wa mvutano, eneo na umbali, anapata volti bila kuazima mita nyingine ya kulinganishia. Wafundishe wanafunzi jambo hili, ni fizikia safi.

Kuhusu maltimita: nyingi za kidijiti zina ukinzani wa megaomu 10, yaani omu milioni 10, na mkondo mdogo hupita ndani yake zinapopima. Mtu aliyejisugua kwenye kiti cha plastiki siku kavu anaweza kubeba volti 10,000, lakini mwili wake ni kapasita (kitunza chaji) ya pikofaradi 100 hivi, yaani unabeba chaji kidogo sana. Ukimgusisha maltimita, chaji karibu yote inavuja ndani ya milisekunde chache, kabla macho yako hayajafika kwenye kioo, na maltimita yenyewe inaweza kuungua. Mita ya sahani inachukua chaji kidogo ya kuanzia, basi, haili mkondo tena. Inasoma hata umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo mara kwa mara), kwa kuwa sahani zote mbili zinageuza chaji kwa pamoja na mvutano unabaki mvutano.

Tanga kuna unyevu na chumvi, kwa hiyo kabla ya kuijaribu pangusa vihami vyake (sehemu zisizopitisha umeme) kwa kitambaa kikavu, maana chaji huvujia kwenye uchafu. Kisha tumia kisambaza umeme cha maabara cha kilovolti 5 chenye kizuizi cha mkondo, ukipandisha polepole. Usiiunganishe na jenereta ya Van de Graaff, ile mashine ya kuzalisha umeme tuli yenye tufe la chuma, volti zake zinazidi mita hiyo mara nyingi na cheche zitaruka ndani. Ukimaliza, zima kisambaza umeme, uondoe chaji kwa rezista yenye mpini wa plastiki kabla ya kugusa sehemu za mita zinapounganishwa nyaya. Mshale ukipita 2 bila kukwama, niandikie namba ulizosoma nikusaidie kuzilinganisha.