Mtoto wa mbwa anakojoa ndani na kung'ata mikono

Kama mtoto wa mbwa wako ana miezi 2 na anakojoa ndani, huo si ukaidi. Kibofu chake bado hakiwezi kushikilia mkojo kwa muda mrefu. Makadirio ya kawaida ya saa anazoweza kushikilia ni umri wake kwa miezi ukiongeza 1: hapo ni kama muda wa saa 3, tena akiwa ametulia. Mtoe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na baada ya kucheza, mahali palepale. Akijisaidia, msifu na umpe kipande cha chakula papo hapo, usingoje kurudi ndani. Ile tabia ya kumsugua pua kwenye mkojo wake achana nayo kabisa. Atakachojifunza ni kukuogopa na kwenda kujificha nyuma ya kochi. Ukisafisha, hakikisha harufu imeisha, la sivyo atarudi hapohapo.

Kung'ata ni mchezo tu kwa umri huu. Meno yakigusa ngozi, simamisha mchezo, geuka pembeni, kisha mpe kitu cha kutafuna. Nyumba nzima ifanye hivyo, watoto pia.

Na kabla chanjo hazijakamilika, usimwachie chini wanapopita mbwa wengine. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, huua haraka.