Mlioniuliza nafanya nini Guatemala na mbona hela haionekani

Mdogo wangu umeniuliza mbele za watu nami nakujibu mbele za watu, ili mama wakubwa nao wasikie, manake najua swali si lako peke yako. Umesema "dada umevuka bahari kwenda nchi maskini kufundisha tuisheni watoto wa watu, si ungebaki hapa Magu ukafundisha wa kwetu, na mbona hela hatuioni".

Tuanze na hela. Kazi hii haina hela. Nikishalipa chumba, chakula na nauli, mwezi mzuri inabaki kama dola 100 ya kutuma nyumbani, mwezi mbaya haibaki kitu. Na mliosema kwenye picha napanda basi za kitalii, zile ni basi chakavu za wanafunzi wa Marekani, zikichoka kule zinaletwa huku zinapakwa rangi upya, ndo daladala zetu, kila siku napanda kutoka Quetzaltenango mjini kwenda kijijini upande wa Totonicapán, watu watatu tunabanana kwenye siti iliyotengenezewa watoto wawili. Baridi ni ya Makete kabisa, tuko juu zaidi ya mita 2,300. Weusi mitaa hii hamna, nikipita naulizwa kama natokea Livingston, mji wa pwani ya Karibi wanakoishi Wagarifuna ambao ni weusi wa huku huku. Mwaka wa kwanza nililia sana jamani, Kihispania sikijui, hata wa kumsalimia kwa Kiswahili sina.

Sasa kazi yenyewe. Shule ya serikali inaanza saa moja na nusu asubuhi na saa sita na nusu mchana watoto wameshatoka. Mwenye uwezo anamlipia mwanae mwalimu, ila mtoto wa kijijini anaenda kuni, msichana anafungiwa mdogo wake mgongoni kwa kitambaa kama sisi na kanga, homuweki inalala kwenye begi. Sisi tuna vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja, tunafungua saa saba, kwanza wanakunywa uji wa mahindi wanauita atol, kuna siku na maharage meusi na tortilla, yaani chapati za mahindi, manake nchi hii karibu nusu ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa na kwa Wamaya, wenyeji wa asili wa huku, hali ni mbaya zaidi, huwezi kumdai hesabu mtoto ambaye hajala.

Kuna kijana wa miaka 9, shuleni walishamwandika kwamba haelewi. Nilimsomea swali kwa Kihispania, machungwa 40 wagawane watu 5, akainamisha kichwa anachuna kifutio kwa kucha mpaka kikabaki makombo. Mwenzangu ni dada wa hapo hapo, Mk'iche', kabila mojawapo la Wamaya, akachuchumaa pembeni yake akalisoma tena kwa Kik'iche'. Hakumaliza hata sentensi, mtoto akasema wajxaqib', yaani nane! Arobaini kwao ni kawinaq, watu wawili, kwa sababu ishirini ni mtu mmoja, vidole vya mikono na vya miguu. Mababu zake walikuwa na alama ya sifuri na mahesabu ya kalenda kabla Mhispania hajakanyaga huku. Mtoto hesabu anaijua, alichokosa ni mtu wa kumuuliza kwa lugha anayoielewa.

Siku ile nilitoka nje nikasimama kwenye baridi. Nilikumbuka darasa la kwanza, mi nimekua na Kisukuma tupu, ukikosea ukaongea kilugha unavishwa kibao shingoni unazunguka nacho mpaka umkamate mwingine. Nilikaa kimya karibu mwaka mzima. Wote mkajua nina akili nzito, na mama alikuwa anaomba kwa Mungu.

Lugha za Kimaya hapa ni 22, sheria ya mwaka 2003 inazitambua na kusema zitumike mpaka kwenye elimu, lakini mwalimu anayepangiwa kijijini mara nyingine hajui hata salamu ya pale. Na wazazi wengine wenyewe hawataki. Baba mmoja alikuja akaniambia seño (ndo wanavyotuita walimu), mwanangu mfundishe Kihispania tu, mimi nimeibiwa sokoni maisha yangu yote kwa kutokujua. Sikumbishia, ana haki. Watu hawa wametoka kwenye vita vya miaka 36 vilivyoisha Desemba 1996, zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa na wengi wao sana ni Wamaya, kwa hiyo kuna wazee wamezoea kuificha lugha yao. Tulichomwambia ni kwamba Kihispania atakipata, ila tutaanzia pale anapoelewa. Sasa hivi baba huyo ndo anatuletea kuni za kupikia uji.

Sio wote wanabaki. Wakimaliza darasa la sita sekondari iko mbali, nauli hamna, wasichana wanarudi nyumbani kufuma nguo, wavulana wakifika miaka 15 wanaanza kuiongelea Marekani. Novemba shule zikiwa zimefungwa familia nyingine zinashuka kwenye mashamba makubwa ya kahawa, Januari unahesabu vichwa, kuna wasiorudi. Hapo ndo panaponiuma kuliko mshahara.

Kuhusu kubaki Magu, mdogo wangu hilo swali limenichoma na umeuliza haki. Nilikuja kujitolea mwaka mmoja wakanipa kazi nikabaki. Wewe usije kutafuta hela huku, utajuta, na wageni wanaokuja wiki mbili kupiga picha na watoto wanawaacha wanalia, usiwe mmoja wao. Ila kama kufundisha unakutaka kweli, anza hapo hapo, wewe Kisukuma unakijua. Wachukue wale wa darasa la kwanza mpaka la tatu, saa nane mpaka saa kumi na moja, uji kwanza. Januari shule zikifunguliwa zile dola 100 nitakutumia kwa ajili ya unga na sukari, nimeshaongea na mama. Wewe muulize shangazi kile chumba cha nyuma kama mahindi yameshatoka.