Jumatano asubuhi usiitegemee kompyuta yako

Nina steshenari ndogo Chake Chake: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kwa kazi hii, siku mbaya ya mwezi naijua kabla haijafika. Ni Jumatano inayofuata Jumanne ya pili. Microsoft hutoa marekebisho ya usalama ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hapo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira yao, na maduka tushafunga. Kwa hiyo kompyuta huanza kushusha mzigo wake asubuhi ya pili yake, mteja kashasimama mbele ya kaunta na maombi ya kazi ambayo mwisho wake ni leo.

Jumatano hiyo mie hufungua duka mapema kidogo, nikaziwasha mashine zote zimalize shughuli zao kabla watu hawajaja. Na kwenye mipangilio ya masasisho kuna mahali pa kuandika saa zako za kazi ili mashine isijizime na kujiwasha katikati yake. Unaweza kuweka hadi saa 18 kwa siku. Wenye maofisi wengi hawajawahi hata kupafungua.

Msinielewe vibaya, sisemi apdeti zizimwe. Wapo wanaowalipa mafundi wazizime moja kwa moja, eti zinakula bando. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fedha, hadi hospitali za Uingereza zikakwama. Dawa ya tundu kilimopitia ilikuwa imetolewa Machi ya mwaka huo huo. Aliyekuwa ameshaiweka, tundu hilo kwake lilikuwa limezibwa.

Kinachoniudhi ni kitu kingine. Kampuni hizi hukupa kwa pamoja kile unachokihitaji na vile usivyoviomba: kitufe kimehamishwa, tangazo limetokeza kwenye menyu, programu mpya imejiweka. Ni sawa na fundi uliyemwita azibe paa linalovuja, ukirudi unakuta na mlango kauhamisha. Watu wakishachoshwa na mlango, paa nalo huliacha livuje. Lawama hiyo nawarudishia wao, siyo mwalimu wa skuli aliyezima apdeti kwa sababu kila mwezi anatafuta upya pa kubonyeza.

Basi mie nazitenga. Marekebisho ya kila mwezi nayaruhusu ndani ya wiki ile ile. Toleo kubwa, lile linalobadili sura ya mfumo, nalisubirisha miezi miwili mitatu, wengine waijaribu bahati. Oktoba 2018 toleo kubwa la Windows 10 liliwafutia baadhi ya watu nyaraka zao, Microsoft ikalisimamisha kwanza ilirekebishe. Waliokuwa hawana haraka hawakupoteza kitu. 

Kuhusu bando: ukiunga kompyuta kwenye simu yako, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uwashe chaguo lililoandikwa Metered connection. Hapo mashine inajua intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, na mizigo mingi mikubwa inaiacha kwanza. Kisha tafuta Delivery Optimization. Hii huwezesha kompyuta kugawiana vipande vya masasisho. Ikiwa imeruhusiwa kuwapa watu wengine mtandaoni, izuie, maana bando ni lako na wanaofaidi huwajui. Lakini ya mashine zilizomo kwenye mtandao wako wa ndani iache. Ofisi yenye kompyuta sita haina haja ya kushusha kitu kimoja mara sita.

Umeme nao usiusahau. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010 hali imekuwa nyengine kabisa, lakini kukatika bado kupo. Kompyuta ya mezani bila UPS, lile boksi la betri linaloishikilia umeme ukikatika, usiifanyie apdeti ya BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine. Umeme ukikatika hapo, unaweza kubaki na bodi isiyowaka.

Vishikwambi vina kisa chao. Google hutangaza marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi tangu 2015, ila hayakufikii mpaka aliyekitengeneza kifaa chako ayaandae na kuyatuma. Wanaouza bei rahisi wengi hawajisumbui. Kwa hiyo ukienda dukani, iwe Chake, Wete au Darajani, omba kiwashwe, fungua sehemu ya kuhusu kifaa, utazame tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Ukikuta ya miaka mitatu nyuma, hata kama boksi bado lina plastiki yake, kimezeekea rafuni. Muuzaji atakununia kidogo. Mwache anune.

Apple hapo wanastahili sifa: iPad Air 2 ya 2014 ilipata matoleo mapya hadi la 15, lililotoka 2021. Ubaya wao ni kwamba ukishapanda kurudi hakuna, kwani toleo la zamani huacha kulithibitisha muda mfupi baada ya jipya kutoka. Ukiwa na iPad kongwe inayokutosha, soma kwanza walioitangulia wanasemaje.

Ulaya, tangu 20 Juni 2025, simu na vishikwambi vipya vinatakiwa vipate masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua mitano tangu modeli ilipoacha kuuzwa. Huku tungeanza na dogo tu: tarehe ya mwisho wa masasisho ichapwe juu ya boksi.

Sasa kompyuta za mtumba, ambazo ndizo tunazonunua wengi wetu. Windows 10 ilikatiwa huduma 14 Oktoba 2025, na anayejiandikisha kwenye nyongeza ya usalama anasogezwa hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana. Soma namba baada ya kistari: i5-8250U (kizazi cha nane) inakubaliwa, i5-7200U (cha saba) imeachwa. Tofauti ya bei baina yao sokoni wakati mwengine haifiki hata ya kuitilia maanani, lakini moja ina miaka mbele yake na nyengine haina.

Ukiwa tayari unayo iliyoachwa, usiitupe. Moja ya mashine zangu inatumia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na barua za wateja zinachapwa kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, bila tatizo. Ila kabla hujaifuta Windows, iwashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uchomeke printa yako na utoe ukurasa mmoja, kisha ujaribu na skana. Skana ndizo zinazogoma zaidi.