Nguo nyeusi kwenye mchoro wa Kiholanzi: si lazima awe mjane

Ndugu, umeuliza kama mwanamke aliyevaa nyeusi kwenye mchoro wako wa Uholanzi, karne ya 17, alikuwa mjane. Usikimbilie huko. Nyeusi iliyokolea ilikuwa rangi ghali, na matajiri waliivaa kwa fahari. Mwaka 1634 Rembrandt, mchoraji maarufu wa Kiholanzi, aliwachora Marten Soolmans na Oopjen Coppit, wanandoa wapya, wote wamevaa nyeusi.

Mimi huanza na shingo. Kola nene ya mikunjo ilitaka wanga wa kuikaza, pasi na mtumishi: hapo utajiri unajitangaza wenyewe. Lakini wazee waliendelea kuivaa vijana walipokwisha kuhamia kola bapa za lesi, kwa hiyo usiitumie peke yake kukadiria mwaka. Kisha tazama mikono. Glavu mara nyingi ziliendana na ndoa.

Kofia nayo husema. Saskia, Rembrandt alipomchora mwaka 1633 wakiwa wachumba, amevaa kofia ya majani yenye maua, mtindo wa wachunga kondoo, ulioashiria mapenzi.

Tahadhari: wachoraji walipenda kuwavika watu nguo za maigizo. Na usiutoe mchoro kwenye fremu mwenyewe. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi michoro.